Tuanze na majedwali au na hati? Namna ya kuwafundisha hifadhidata wanafunzi wa uchambuzi wa data

#1 ChakiNaSeva

Wanajukwaa, salamu.

Ninafundisha somo la hifadhidata kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wa uchambuzi wa data, ambao wengi wao wametokea takwimu na uchumi na hawajawahi kusoma sayansi ya kompyuta. Muhula una wiki 12. Hadi sasa nimekuwa nikitumia wiki nane kwa hifadhidata za kimahusiano, yaani zinazotunza data katika majedwali, na lugha ya SQL ya kuyauliza maswali, wiki tatu kwa zisizo za kimahusiano, hasa MongoDB, inayotunza data kama hati, na wiki ya mwisho kwa mtihani wa vitendo.

Katika mtihani uliopita niliwapa data ya dodoso la kaya niliyoitunga mwenyewe ili hesabu ziweze kukaguliwa kwa mkono. Kaya zilikuwa tatu: ya kwanza ina watu 2 na kipato cha shilingi 600,000 kwa mwezi, ya pili ina watu 3 na kipato cha 300,000, ya tatu ina watu 10 na kipato cha 150,000. Kaya ziko katika jedwali moja, wanakaya katika jingine. Niliuliza wastani wa kipato cha kaya pamoja na wastani wa umri wa wanakaya. Wastani wa kipato ni 350,000, lakini zaidi ya nusu ya darasa waliniletea 240,000, kwa sababu waliyaunganisha majedwali kwanza ndipo wakapiga wastani, na ile kaya ya watu kumi ikahesabiwa mara kumi. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Kilichonishangaza ni sehemu ya pili ya mtihani. Niliwapa data ileile katika umbo la JSON, yaani kila kaya ni hati moja na wanakaya wake wamo ndani yake kama orodha, na karibu wote wakapata 350,000. Kwa sasa nimewaelekeza waweke DISTINCT ndani ya AVG wanapounganisha majedwali, ili kila thamani inayojirudia iingie kwenye wastani mara moja tu, ila nimeanza kujiuliza kama nimekuwa nikifundisha kinyumenyume muda wote huu. Je, wanafunzi wa aina hii waanze na hati, kisha ndipo waonyeshwe majedwali?

#2 Bibi_Indeksi

Mwalimu, wanafunzi wako wanajua SQL vizuri tu. Wasichojua ni wanahesabu nini. Mimi kila ninapompokea mchambuzi mgeni ofisini, humkataza kuandika swali lolote la SQL kabla hajanitamkia kwa mdomo kwamba safumlalo moja katika jedwali hili ni kitu gani. Ni kaya? Ni mtu? Ni ziara ya mtu kliniki? Baada ya kuunganisha namuuliza tena swali lilelile, kwa maana jibu hubadilika. Katika mfano wako, kabla ya kuunganisha safumlalo ilikuwa kaya, na baada ya kuunganisha imekuwa mwanakaya. Hilo halina uhusiano na kuanza na kipi.

#3 FundiSeva

Sikubaliani na pendekezo la kuanza na hati, na sababu yangu ni ya kihistoria. Watu wengi huwaambia wanafunzi kwamba majedwali ni ya kale na hati ni za kisasa, ilhali mambo yalikwenda kinyume. Mfumo wa IMS wa IBM, uliotengenezwa katika miaka ya 1960 wakati wa mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini, ulihifadhi taarifa katika umbo la mti: kuna shina, kuna matawi, na ili ufike kwenye tawi ni lazima upitie shina. Hati ya kaya yenye wanakaya ndani yake ni mti wa namna hiyohiyo. Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, alichapisha makala yake ya mwaka 1970 kwa sababu programu za wakati huo zilikuwa zimefungwa mno na umbo ambalo data ilihifadhiwa. Ukibadilisha umbo, programu inaanguka.

Hati ni nzuri maadamu maswali yako yote yanaanzia kwenye kaya. Siku mkubwa wako atakapouliza ni wanawake wangapi wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliolala chini ya chandarua, bila kujali kaya zao, ndipo utakapoona faida ya jedwali la wanakaya lililosimama peke yake.

Zaidi ya hayo, hifadhidata ya kimahusiano humlinda mwanafunzi. Ukitangaza kwamba safuwima ni ya namba, haikubali neno.

#4 Kitongoji

Mimi nilimaliza chuo miaka miwili iliyopita, kwa hiyo naandika kama mtu aliyekuwa kwenye dawati la mwanafunzi juzi tu. Tulifundishwa SQL kwa muhula mzima kwa kutumia duka la kubuni lenye wateja, bidhaa na oda, ambamo kila kitu kilikuwa kisafi. Wiki yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mkusanyiko wa hati za malipo ya simu uliokuwa ndani ya MongoDB, nikaagizwa nitoe jumla ya mwezi. Nikaitoa. Ilikuwa pungufu kwa karibu nusu, nami sikujua hadi mhasibu aliponiita.

Chanzo kilikuwa hiki: toleo la zamani la programu ya malipo lilikuwa likiandika kiasi kama maandishi, yaani "5000" ndani ya alama za nukuu, na toleo jipya likawa linaandika 5000 kama namba. Amri ya $sum ya MongoDB huviruka vitu visivyo namba, haitoi kosa wala onyo. Ningekuwa kwenye PostgreSQL, ambayo ni ya kimahusiano, kujumlisha safuwima ya maandishi kungenikatalia palepale. Kwa hiyo namuunga mkono FundiSeva kuhusu ulinzi, ila hitimisho langu ni tofauti na lake: ni bora kuanza na hati, mapema kabisa, kwa kuwa ndiko data chafu iliko, na mwanafunzi akishaumia mara moja ataielewa kanuni ya majedwali bila kubembelezwa.

#5 LughaSanifu

Naomba niingilie kwa upande wa istilahi, kwa kuwa naamini sehemu ya tatizo iko hapo. Sisi tumezoea kusema "hifadhidata za kimahusiano", na kila mwanafunzi akisikia neno hilo hudhani mahusiano yanayotajwa ni yale ya jedwali moja na jingine, kana kwamba majedwali ni ndugu. Codd hakumaanisha hivyo. Yeye alikuwa mwanahisabati, na uhusiano aliouzungumzia ni ule wa hisabati, yaani seti ya mpangilio wa thamani. Kwa lugha nyepesi, jedwali lenyewe ndilo uhusiano. Hifadhidata yenye jedwali moja tu bado ni ya kimahusiano. Mwanafunzi aliyeaminishwa kwamba kiini cha somo ni kuunganisha ataunganisha hata pasipohitajika, na ndivyo walivyofanya wanafunzi wa ChakiNaSeva, kwani wastani wa kipato ulikuwa unapatikana katika jedwali la kaya peke yake.

Nashukuru kuona Bibi_Indeksi ameandika "safumlalo". Nimewahi kukaa darasani ambako mwalimu alisema "safu" kwa maana ya mlalo, na kitabu cha mazoezi kikasema "safu" kwa maana ya wima, na nusu ya darasa ikafuta kitu kisichostahili kufutwa. Kuhusu "hifadhidata" badala ya "kanzidata", leo nitanyamaza.

#6 Bibi_Indeksi

LughaSanifu, umesema utanyamaza na hapohapo umeshasema.

#7 Nahodha77

Marekebisho madogo kwa FundiSeva (#3). Si kila hifadhidata ya kimahusiano inakataa neno kwenye safuwima ya namba. SQLite, ambayo ndiyo walimu wengi huitumia darasani kwa kuwa haihitaji seva na hifadhidata nzima ni faili moja, hupokea neno "kumi" kwenye safuwima uliyoitangaza kuwa ya namba kamili, na kulihifadhi vilevile. Ukali unaousema ulikuja na majedwali ya STRICT katika toleo la 3.37, mwaka 2021, na ni lazima uuombe wewe mwenyewe unapounda jedwali. Kwa hiyo mwalimu anayehubiri ulinzi wa aina za data huku akifundishia SQLite anaweza kuumbuliwa na mwanafunzi mtundu.

#8 MzeeWaDodoso

Nimefanya kazi ya tafiti za kaya kwa miaka mingi, tangu enzi za madodoso ya karatasi, na nimesoma uzi huu kwa makini. Nina jambo moja ambalo huenda likawaudhi: 240,000 si jibu la ovyo.

Ukiuliza kaya ya kawaida inapata kiasi gani, jibu ni 350,000. Ukiuliza mtu wa kawaida anaishi katika kaya yenye kipato gani, unapaswa kumhesabu kila mtu mara moja, na jibu ni 240,000 kamili. Wachambuzi wa umaskini hutumia hesabu ya namna hii ya pili kila siku, kwa sababu kaya za watu wengi mara nyingi ndizo za kipato cha chini, na ukizipa uzito sawa na kaya ya watu wawili unaipaka nchi rangi isiyo yake. Wanafunzi wako, Mwalimu, walijibu kwa usahihi swali ambalo hukuwauliza. Kosa lao ni kutojua kwamba wamebadilisha swali, na kosa hilo nimeliona kwa watu ambao hawajawahi kuisikia SQL.

#9 FundiSeva

Nahodha77, nimekubali, umenishika.

Mzee, shikamoo. Hoja yako inaniongezea nguvu katika jambo nililotaka kumwambia ChakiNaSeva. Wanafunzi wako walipata 350,000 kwenye JSON kwa sababu kipato kilikuwa juu ya hati na hawakuhitaji kuigusa orodha ya wanakaya. Waombe wastani wa umri kwa MongoDB uone. Wengi watatumia $unwind, ambayo huifumua orodha na kutoa hati moja kwa kila mwanakaya, na kila nakala inabeba kipato cha kaya yake. Wakipiga wastani wa kipato baada ya hapo, 240,000 ileile inarudi. Kosa limehama nyumba tu.

Tena jaribu kuongeza kaya ya nne yenye orodha tupu ya wanakaya. $unwind kwa kawaida yake huitupa kaya hiyo nje ya matokeo, bila kukuambia, hadi umpe chaguo la kuhifadhi orodha tupu. Kwenye SQL ni tofauti ileile iliyopo kati ya INNER JOIN, inayoiacha nje kaya isiyo na wanakaya, na LEFT JOIN, inayoibakisha. Wachambuzi hupoteza watu namna hiyo kila siku.

#10 Kitongoji

Naomba kuuliza kwa heshima kuhusu ushauri wa DISTINCT ulio katika #1. Nimejaribu kwa data ya Mwalimu, na kweli inarudisha 350,000. Kisha nikabadilisha kipato cha kaya ya tatu kutoka 150,000 kuwa 300,000, ili kiwe sawa na cha kaya ya pili. Wastani halisi wa kaya tatu sasa ni 400,000, lakini AVG yenye DISTINCT imenipa 450,000, kwa kuwa imeziona 300,000 mbili kama kitu kimoja. Je, kuna kitu nimekosea?

#11 Bibi_Indeksi

Hujakosea chochote, mwanangu. Mwalimu ndiye aliyeponea kwenye namba alizozitunga mwenyewe.

#12 Mhudumu_wa_Eldo

Ninashughulika na data za afya, na kwangu mgawanyo wenyewe wa kimahusiano na yasiyo ya kimahusiano ndio unaowapotosha wanafunzi. Chukueni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na ambao Eldoret ni miongoni mwa mahali ulikotumika mapema kabisa. Umejengwa juu ya MySQL, kwa hiyo vitabuni ni wa kimahusiano bila ubishi. Lakini fungueni jedwali lake la obs. Hamtakuta safuwima ya uzito, wala ya presha, wala ya kiwango cha sukari. Mtakuta namba ya mgonjwa, namba ya dhana inayoeleza kilichopimwa, na safuwima kadhaa za thamani: moja ya namba, moja ya maandishi, moja ya tarehe, moja ya jibu la kuchagua. Kipimo kimoja ni safumlalo moja, na safuwima nyingi za thamani katika safumlalo hiyo ni tupu.

Mchambuzi aliyefundishwa kwa duka la wateja na oda akilifikia jedwali hilo hukaa kimya kwa muda. Ili apate mgonjwa mmoja katika safumlalo moja, anapaswa kuyageuza mambo kutoka wima kwenda mlalo kwa mkono, dhana moja baada ya nyingine. Kule nyuma wabunifu walitaka uhuru ambao watu wa MongoDB huutangaza, wa kuongeza kipimo kipya bila kubadilisha muundo, na wakaupata ndani ya majedwali. Basi mwanafunzi aulizwe data inabadilika umbo mara ngapi na nani atalipa gharama ya kuinyoosha, mwandishi au msomaji. Kwenye obs anayelipa ni msomaji, na msomaji ndiye sisi.

#13 Nahodha77

Na kinyume chake pia kipo. PostgreSQL imekuwa na aina ya JSONB tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014, kwa hiyo hati inaweza kukaa ndani ya jedwali na kuulizwa kwa SQL, tena kwa indeksi ya kuharakisha utafutaji. MongoDB nayo ilipata $lookup ya kuunganisha mikusanyiko katika toleo la 3.2, na miamala inayogusa hati nyingi (mabadiliko yanayofanikiwa yote au kufutwa yote) katika toleo la 4.0, mwaka 2018. Pande zote mbili zimekuwa zikiazimana nguo.

Hata jina NoSQL, ambalo leo huitwa hifadhidata zisizo za kimahusiano, lina historia ya kuchekesha. Carlo Strozzi alilitumia mwaka 1998 kwa hifadhidata yake iliyokuwa ya kimahusiano, ila haikutumia lugha ya SQL. Maana ya leo ilishika mwaka 2009, lilipotumiwa kama jina la mkutano mmoja huko San Francisco.

#14 Pwani_Mkavu

Samahani kwa kuuliza swali la kishamba, lakini kwa nini tusiwaache wachambuzi na Excel yao? Kaya tatu, kaya elfu tatu, zote zinaingia.

#15 MzeeWaDodoso

Ndugu Pwani_Mkavu, swali lako si la kishamba hata kidogo. Mwaka 2020 huko Uingereza, matokeo 15,841 ya vipimo vya UVIKO-19 yaliachwa nje ya takwimu za kila siku, na taarifa za kuwatafuta waliokutana na wagonjwa hao zikachelewa, kwa sababu faili za muundo wa zamani wa Excel hubeba safumlalo 65,536 tu na zilizozidi zilikatwa. Muundo mpya hubeba 1,048,576, ambazo nazo si nyingi kwa miamala ya simu.

Hata hivyo, Excel ndiyo inayonipa njia ya kufundishia. KoboToolbox, programu ya kukusanya data kwa madodoso ya simu ambayo vijana wengi wa tafiti huku kwetu wanaifahamu, nyuma ya pazia hutumia PostgreSQL na MongoDB kwa pamoja. Ukiunda dodoso lenye kundi linalojirudia la wanakaya kisha ukapakua Excel, unapata kurasa mbili: ya kaya yenye safuwima ya _index, na ya wanakaya yenye _parent_index inayomrudisha kila mtu kwenye kaya yake. Ukiomba data ileile kwa JSON, unapata hati yenye orodha ndani. Data moja, dodoso moja, maumbo mawili, na mwanafunzi amelijaza dodoso hilo mwenyewe kwenye simu yake asubuhi ileile. Mimi huwataka waandike kwenye karatasi, kwa kalamu, namna watu 15 wa kaya tatu wanavyosafiri kutoka umbo moja hadi jingine.

#16 FundiSeva

Zoezi zuri, Mzee, ila waonye kuhusu ile _index: ni namba ya mpangilio katika upakuaji huo tu. Ukifuta dodoso moja la majaribio na kupakua upya, namba husogea, na aliyehifadhi ukurasa wa wanakaya wa jana na ukurasa wa kaya wa leo atawapa watu wazazi wasio wao. Kitambulisho cha wasilisho, kile kirefu chenye herufi na tarakimu, hakisogei. Hapo ndipo penye somo zima la funguo, yaani vitambulisho vya safumlalo, na hakuna ufafanuzi wa kitabuni unaolifikia.

#17 ChakiNaSeva

Asanteni sana. Nianze na Kitongoji (#10): uko sahihi, na nimeshawaandikia wanafunzi kuufuta ushauri wangu wa DISTINCT. Atakayepata swali linalohitaji vyote viwili, wastani wa kipato na wa umri, nitamtaka apige kila hesabu katika ngazi yake kwanza, kisha ayalete matokeo pamoja.

Nimejaribu jana pendekezo la FundiSeva (#9) kwa wanafunzi sita waliojitolea. Wanne kati yao walipata 240,000 kwenye MongoDB, jambo linaloipunguza nguvu dhana yangu ya kuanza na hati. Lakini wawili waliopata 350,000 wote walisema kwamba walitazama hati moja nzima kwenye skrini kabla ya kuandika chochote, na kwamba kwenye SQL hawana mazoea ya kulitazama jedwali. Kwa hiyo bado sijaiacha dhana hiyo.

Ninachofikiria sasa ni kutumia wiki mbili za mwanzo kwa zoezi la Mzee, pande zote mbili kwa pamoja, kabla ya kutaja jina la mfumo wowote. Wiki hizo lazima zitoke mahali. Nimeitazama mada ya nadharia ya CAP, ile ya Eric Brewer ya mwaka 2000 kuhusu uthabiti, upatikanaji na kuvumilia mtandao kukatika, na sioni mchambuzi anaihitaji kwa kazi gani.

#18 FundiSeva

Hapo sasa umenigusa. Mchambuzi anayesoma kutoka nakala ya pili ya hifadhidata, ambayo haijapokea miamala ya dakika kumi zilizopita, atamwelezaje mkubwa wake kwa nini ripoti mbili za saa moja hazilingani? Ondoa kanuni za kupanga majedwali (normal forms) kuanzia ya nne na kuendelea. Hizo sijawahi kuzihitaji tangu nianze kazi.

#19 LughaSanifu

Za kuanzia ya nne sina neno nazo. Ya tatu usiiguse, tafadhali, maana ndiyo inayomfundisha mwanafunzi kwamba kipato ni sifa ya kaya, wala si ya mwanakaya, na uzi mzima umeanzia hapo.

#20 Mhudumu_wa_Eldo

Mwalimu, ukishaandaa dodoso lile la wiki ya kwanza, naomba uliweke hapa tulijaze. Na tafadhali usiisahau kaya ya nne, ile isiyo na mtu.